Mwano Kwenye Ghala la Januarius

Mwano ulimkuta Bujiku kwenye mstari wa kumi na moja wa pamba, bomba la dawa mgongoni na kitambaa kimefungwa puani. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, mwezi wa tatu.

Dawa ile alikuwa ameipata kwa kuhangaika. Zamani za ushirika lori lilikuwa linakuja mpaka kijijini, mtu anapewa dawa yake, anaweka dole gumba kwenye daftari, anaondoka. Tangu biashara iachiwe huria dawa iko kwa mnunuzi wa pamba, na mnunuzi anaitoa siku anayojisikia. Bujiku aliambiwa njoo kesho mara nne. Mara ya tano akapewa kopo moja, wadudu wameshaanza kutoboa vitumba. Aliichanganya na maji mchana ule ule, na dawa ikishachanganywa hailazwi. Ikilala imekufa.

Sasa akasikia sauti upande wa Somanda. Kwanza ilikuwa moja, ndefu, ya mtu anayeziba mdomo kwa kiganja na kuuachia. Kaya ya pili ikaipokea, ya tatu ikaipokea, filimbi zikaingia, na kabla hajavua kitambaa puani sauti ilikuwa imempita inakwenda ng'ambo ya mto.

Kwa Wasukuma mwano haujadiliwi. Ukipigwa, ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na kila mwanaume mwenye miguu anatoka na silaha yake kukimbilia unakotokea, huku naye anaupiga ili wa mbele wausikie. Ukikaa, unatengwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa kaa la moto, ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Bujiku aliyajua haya kuliko wengi, maana alikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na barua za kuwatenga watu zilikuwa zinatoka mkononi mwake.

Akalitua bomba kwenye tuta. Akachukua upinde na podo aliloliegemeza kwenye kisiki, akakimbia na mabuti yake ya mpira, chwaka chwaka chwaka, mtu wa miaka hamsini na mitatu. Njiani akapishana na ng'ombe wanaotembea wenyewe barabarani, wachungaji wameshawaacha na kukimbilia mwano. Akafikiri moyoni, leo ni kubwa. Leo wameingia mchana kweupe.

Alipofika Somanda alikuta watu kama mia mbili wamelizunguka ghala la zamani la pamba, mishale iko kwenye nyuzi. Ghala hilo lilikuwa la chama cha msingi. Chama kilipokufa, Januarius, aliyekuwa karani wa mizani humo humo, akalikodi, akaweka kompyuta tatu kuukuu alizozitoa Mwanza na jenereta ya kuziendesha, akaandika ukutani kwa chokaa: GEMU. Nyuma ya ghala jenereta ilikuwa inanguruma kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi.

Mtemi Masunga, mkuu wa sungusungu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliletwa nyuma ya baiskeli. Akashuka, akatengeneza mgolole wake, akaingia wa kwanza. Bujiku akaingia wa pili.

Ndani walikuwamo vijana kumi. Tisa wamekaa, na mmoja amesimama katikati, kiti chake kimelala chini, hedifoni zinaning'inia shingoni, kiganja bado kiko karibu na mdomo. Alikuwa Nyanda, mtoto wa Bujiku.

"Wako wapi?" Mtemi akauliza.

Nyanda akaangalia ile mishale mlangoni. Akaangalia baba yake. Kisha, kwa kuwa aliyeuliza ni mtu wa kuitwa guku, yaani babu, na lazima ajibiwe, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Walikuwa hapa, guku."

* * *

Gharama ya mwano ule ilijulikana kabla ya jua kuzama. Mzee Marcelo alidondoka kwenye mtaro akavunjika mfupa wa bega, wakampeleka hospitali akiwa bado anauliza wezi wameelekea wapi. Na wale ng'ombe walioachwa wenyewe waliingia kwenye mahindi ya Klementina, mjane anayeimba kwaya ya Katoliki, mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Walikula kwa nafasi, hakuna wa kuwaswaga, kwa kuwa wa kuwaswaga wote walikuwa kwenye ghala wamewaelekezea mishale vijana kumi.

Bujiku alirudi shambani akakuta dawa kwenye bomba imeganda chini kama uji. Akalipiga bomba teke. Likamuumiza mguu.

Lakini si dawa iliyomkereta roho. Usaili wa vijana wa kujitolea wa JKT ulikuwa Jumatatu, pale wilayani. Kijiji kilipewa nafasi mbili. Mwaka wa kwanza Nyanda alikuwa wa nne kwenye orodha, mwaka wa pili akawa wa tatu, na aliye wa tatu ni wa akiba, anakaa nyumbani anasubiri mtu augue. Mwaka huu alikuwa wa kwanza. Mwaka kesho umri wanaoutaka ungekuwa umempita. Na barua ya kijiji ya kumpeleka, bila kauli ya sungusungu, mtendaji alikuwa haisaini. Kijana aliyetengwa hana barua. Kijana aliyepiga mwano wa uongo, huyo ndiye wa kutengwa kwanza.

"Uliniambia unakwenda kule kujifunza," Bujiku alimwambia nyumbani.

"Nilikuwa najifunza, baba."

"Unajifunza nini? Kupiga kelele?"

"Ile gemu ni ya jeshi. Jeshi lenyewe limeitengeneza. Unaanza kuruta, unafundishwa kulenga, unafundishwa kumfunga bandeji mwenzako, ukishindwa mtihani wa bandeji hupiti. Nikasema Jumatatu wakiniuliza kitu nitakuwa nimeshakiona."

"Jeshi letu limetengeneza gemu?"

"La kule ng'ambo kwao. Wenye hiyo sidii ya gemu."

"Sasa la kwao linakusaidia nini wewe na la kwetu?"

Kabula, mama yake, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akasema bila kuinua uso, "Muulize kwanza kwa nini alipiga."

"Kwa nini ulipiga?"

"Shija alianguka," Nyanda akasema. "Tulikuwa watatu, kompyuta zimeunganishwa kwa waya, kila mtu na yake. Wakatuzunguka. Shija akapigwa, akaanguka mlangoni, nami nimebaki peke yangu na wao ni wengi. Sikufikiri, baba. Mdomo ulikwenda wenyewe."

"Mdomo ulikwenda wenyewe," Bujiku akarudia. "Na mguu wa Marcelo nao ukaenda wenyewe mtaroni."

"Ni bega," Kabula akasema. "Alivunjika bega."

"Najua ni bega, mama Nyanda."

* * *

Baraza lilikaa Alhamisi asubuhi, na Mtemi Masunga alikataa likae mahali pengine popote isipokuwa ndani ya lile ghala. Alisema mwizi hahukumiwi bila kuona alipopita. Wazee wakakaa kwenye marobota ya magunia matupu yaliyobaki tangu enzi za ushirika. Januarius akawasha jenereta, akawasha kompyuta, akamwekea Mtemi kiti kile kile cha Nyanda. Alikuwa anatoka jasho. Baraza likisema ghala lifungwe, litafungwa.

"Nisomee," Mtemi akasema, maandishi ya Kiingereza yalipotokea na bendera nyuma yake.

Januarius akakohoa. "Hapa wanasema mchezo huu umetolewa bure na jeshi la serikali yao, guku. Mtu yeyote achukue, acheze, ampe na mwenzake. Mimi sikuununua. Niliikuta sidii imesahauliwa tumboni mwa kompyuta."

"Bure?"

"Bure."

"Serikali inatoa mchezo bure."

"Ndiyo. Imelipia mafundi, miaka, mamilioni. Lengo ni vijana wao wakiupenda waende kuandikishwa jeshini."

Wazee wakaguna. Bujiku, na daftari lake la katibu gotini, aliandika neno bure, akakaa analitazama. Alifikiria lile kopo moja la dawa. Kuna serikali, akafikiri, inakaa chini inajiuliza kijana wa watu anapenda kucheza nini, inamtengenezea, inamfikishia mpaka chumbani. Na mimi wa kwangu nimemlea miaka ishirini na miwili, nimempeleka shule, nimemfundisha kuitika, halafu naambiwa nafasi ni mbili.

"Kwa hiyo ni mtego," Mtemi akasema. "Unaweka mtama ndani, kwale anaingia."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na kwale wetu ameingia. Wamemchukua?"

Nyanda, aliyesimamishwa mbele, akajibu mwenyewe. "Nilijaribu kujaza, guku. Ukifaulu mafunzo kuna mahali pa jina, umri na anwani, wakuonyeshe ofisi ya kuandikisha iliyo karibu na kwenu. Lakini pale pa kuchagua nchi ipo moja tu. Ya kwao."

Mzee mmoja nyuma akacheka. "Mtego wa kwale, na mlango wenyewe umefungwa."

"Nyamaza, tuko barazani," Mtemi akasema, ingawa naye mdomo ulimcheza. "Haya. Nyanda, washa hao watu. Nionyeshe wezi wako."

Nyanda akakaa chini karibu na goti la Mtemi, akashika kipanya. Kwenye kioo ukatokea uwanja, ukuta, nyumba ya ghorofa moja isiyo na mapazia. Bunduki ikachomoza kwa chini, kama vile Mtemi mwenyewe ameishika. Mzee akarudi nyuma kidogo, kisha akasogea mbele.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe, guku."

"Wanagombea nini?"

"Ile nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Nyanda akamtazama Januarius. Januarius akasema, "Haikuandikwa, guku."

"Na mwenye nyumba yuko wapi wakati watu wanauana mlangoni kwake?"

"Hayumo kwenye mchezo."

Mtemi akatikisa kichwa. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kufuata nyayo za ng'ombe kumi na wanne kutoka Bariadi mpaka kupita Mwanhuzi, siku tano, na akawarudisha wote isipokuwa ndama mmoja. "Tembea," akamwambia Nyanda. "Tembea mpaka kwenye huo ukuta. Sasa geuka. Angalia chini ulipopita."

Kioo kikaonyesha mchanga, laini, haujaguswa.

"Hamna nyayo," Mtemi akasema taratibu.

"Hawakuziweka, guku."

"Mamilioni yote hayo na hawakuweka nyayo. Sasa jeshi la namna hiyo linamfuataje mtu?"

Hapo baraza zima likacheka, hata Januarius. Watu wakishacheka, Bujiku akafikiri, hukumu inapungua uzito. Akaliweka daftari chini. Akasimama.

"Mtemi, naomba nivue ukatibu dakika mbili niseme kama mzazi."

"Vua."

"Humu ndani jana walikuwamo vijana kumi. Mmoja alipiga mwano. Amekosea, sisemi hakukosea. Lakini alipiga kwa sababu aliona mwenzake ameanguka na yeye amezidiwa, na mtoto wa Kisukuma akizidiwa anafanya nini? Anafanya alichofanya. Sasa mimi nauliza. Hao tisa waliusikia mwano, na sauti ilitokea hapo hapo miguuni kwao. Sisi tulioko mashambani tulikimbia mpaka tukavunjika. Wao tulipofika tuliwakuta wamekaa kitako. Sheria yetu inamwadhibu nani? Anayeita, au anayekaa?"

Vijana tisa waliokuwa wamepangwa ukutani wakaanza kuangalia vidole vya miguu. Shija alikuwa wa pili kutoka mwisho, kijana mrefu, mpole, mwenye shati la kuazima.

Bujiku aliona wazee wanatazamana. Aliujua mtazamano huo. Alikuwa amewakamata.

Klementina akanyoosha mkono kutoka mlangoni walipokaa akina mayu, akina mama.

"Mayu, sema," Mtemi akamwambia.

"Mimi sijui sheria zenu za pinde," Klementina akasema. "Nataka kusema kitu kimoja. Mahindi yangu hayakuliwa na waliokaa. Yameliwa na ng'ombe wa waliokimbia. Kama huyu baba Nyanda anataka watu wasifiwe kwa kukimbia, waje wasifiwe shambani kwangu, mabua yapo."

"Mayu, hakuna anayesema mahindi yako si kitu," Bujiku akasema.

"Mimi nimesikia umesema watu wamekimbia na wamevunjika. Mahindi sijayasikia."

Mtemi akainuka, akatoka nje na wazee wanne. Bujiku kwa desturi alitakiwa kwenda nao kuandika, lakini alikuwa amevua ukatibu, na hakuna aliyemwambia auvae. Akabaki amesimama na mikono mitupu. Nyanda akamwangalia. Bujiku akamwonyesha kwa kichwa, tulia.

Walirudi upesi, upesi kuliko alivyotaka.

"Vaa ukatibu uandike," Mtemi akasema, na Bujiku akaokota daftari. "Kwanza hao tisa. Katibu amesema kweli. Wamesikia, wamekaa. Lakini tisa ni nyumba tisa, na tatu kati ya hizo ni za wazee niliotoka nao nje sasa hivi. Nikizitenga nyumba tisa kwa siku moja nitazikwa na nani? Hao wataonywa kwa mdomo. Andika, wameonywa."

Bujiku akaandika.

"Pili, ghala. Januarius utaendelea, ila hizo hedifoni nisizione tena masikioni mwa mtu. Atakayecheza acheze huku anasikia nje."

"Asante, guku," Januarius akasema haraka.

"Tatu, huyu. Hatengwi."

Bujiku alipumua. Aliisikia pumzi yake mwenyewe.

"Hatengwi, kwa sababu hakudanganya. Mimi nimekaa kwenye hicho kiti, na hata mimi moyo ulinienda mbio. Lakini watu wameumia na chakula kimeliwa, haiwezi kupita hivi hivi. Namuapisha leo kuwa sungusungu. Atalinda shamba la mayu Klementina, na yale ya jirani zake, na nyayo zikitokea atazifuata, mpaka pamba ya mwaka huu itoke na ya mwaka kesho ipandwe. Halali nje ya kijiji hata siku moja. Andika."

Kalamu haikusogea.

"Mtemi," Bujiku akasema, "Jumatatu ana usaili."

"Najua. Si wewe ulinisomea orodha?"

"Akipita anaondoka mwezi ujao."

"Ndiyo maana nimesema halali nje."

"Mwaka kesho umri umempita."

Mtemi Masunga akakaa tena kwenye kile kiti cha kompyuta, akamgeukia Bujiku. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulimuudhi Bujiku kuliko kitu kingine chochote.

"Ng'wanawane, mwanangu, nisikilize. Nina vijana hapa, ukipiga mwano wanauliza kwanza ni wa wapi. Mwingine anatafuta viatu. Huyu wa kwako anausikia mpaka ndani ya mashine, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Kijana wa namna hiyo nimpeleke mjini wakamsimamishe getini kwa mtu? Hapana. Huyo ni wa kwangu. Kule tunampeleka yule wa akiba."

"Wa akiba ni Shija."

"Basi Shija."

"Shija alikaa, Mtemi. Alikuwa hapo, mkono wangu huu mpaka hapo, na alikaa."

"Na ameonywa," Mtemi akasema. "Umeandika mwenyewe."

Wakamletea Nyanda maji na unga wa dawa yao ya kiapo, akaapishwa mbele ya kompyuta ambayo ilikuwa bado inaonyesha ule uwanja na bunduki ikielea hewani haina mwenyewe. Alihitaji upinde, na kijana anayeapishwa upinde anapewa na baba yake. Bujiku alitoa wa kwake. Ilibidi auachie kidole kimoja kimoja.

* * *

Ijumaa, Shija alikuja kuchukua barua. Bujiku alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, meza ndogo mbele yake. Alitoka kwa mnunuzi asubuhi ile kuomba kopo lingine la dawa. Aliambiwa njoo kesho.

"Mwadila, baba," Shija akasema, akainama.

"Mwadila. Kaa."

Shija akakaa chini.

Barua hizi Bujiku alikuwa na maneno yake. Darasa la nne alilisoma kwa wamisionari, la tano kwenye elimu ya watu wazima, na sehemu nyingine aliokota njiani, lakini barua aliziweza. Katikati ya kila barua ya kijana alikuwa anaweka sentensi moja aliyoitunga mwenyewe zamani na aliyoipenda: Kijana huyu si mlevi, ana heshima kwa wakubwa, na mwano ukipigwa huitika. Waliwahi kumwambia kule kata kwamba sentensi ile peke yake inatosha. Mtemi naye alikuwa hapigi muhuri mpaka asomewe sentensi hiyo.

Akaandika tarehe. Akaandika jina la Shija na la baba yake. Akaandika si mlevi, ambayo ni kweli. Akaandika heshima, kweli vilevile. Akafika kwenye mwano, akaweka kalamu chini.

"Shija."

"Naam, baba."

"Siku ile uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ulijua ni mwano?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuinuka?"

Shija alifikiri. Hakuwa kijana wa utani, na Bujiku alimtazama vizuri usoni kuona kama anataniwa. Hakuona utani.

"Nilikuwa nimeshakufa, baba," Shija akasema. "Kwenye ile gemu ukipigwa ukafa unakaa tu. Unawaangalia wenzako mpaka wamalize. Huwezi kusogea, hata kusema nao huwezi. Ndiyo sheria yao. Nikasikia Nyanda kapiga mwano, nikataka kuinuka, halafu nikakumbuka mimi nimekufa."

"Na wale wengine nane?"

"Mmoja naye alikuwa amekufa. Waliobaki walikuwa wanatazama."

Kabula alitokea mlangoni na ungo, akawatazama, akarudi ndani.

"Baba, mimi sikuiomba nafasi hii," Shija akasema. "Nilimwambia Nyanda. Akaniambia nenda."

"Alisema hivyo?"

"Alisema nenda, na wakiniuliza bandeji nianzie chini kwenda juu."

Bujiku akachukua kalamu. Aliibonyeza mno, karatasi ikachanika, ikabidi achukue nyingine aanze tena na tarehe. Safari hii alipofika kwenye mwano hakusimama. Aliandika kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima, akampa Shija asome.

Shija akasoma kwa kusogeza midomo. Si mlevi, ana heshima kwa wakubwa, na mwano ukipigwa, akiwa hai, huitika.

"Hapa umeongeza, baba."

"Nimeongeza."

"Mtemi atapiga muhuri?"

"Mtemi hasomi, anasomewa. Na anayemsomea ni mimi. Twende kabla mtendaji hajafunga ofisi."

Walikwenda, Mtemi akasomewa, akasikiliza hadi mwisho. Kwenye yale maneno mawili alimwinulia Bujiku macho, akayashusha, akagonga muhuri. Shija akaikunja barua, akaitia ndani ya shati la kuazima, akapanda baiskeli. Bujiku akarudi nyumbani kwa miguu, akipita pembeni mwa pamba yake. Mistari kumi ilikuwa na afya. Kuanzia wa kumi na moja vitumba vilikuwa vinadondoka.

Akakaa kwenye kigoda. Kutoka shambani kwa Klementina ikasikika filimbi, fupi fupi, Nyanda anafukuza mbuzi wa watu. Haikuwa mwano, wala haikufanana nao, na Bujiku alijua hivyo. Lakini alikuwa ameshasimama, mkono umeshakwenda ukutani kwenye msumari wa upinde, na msumari ulikuwa mtupu.

Akakaa tena.